Spika zinavuma, amplifaya inatekenya: je, waya wa laki nne na nusu ni dawa?

*"Habari mtaalamu. Nina seti ya muziki sebuleni: amplifaya ya wati 100 kila upande, spika mbili za kusimama, sabufa, televisheni na king'amuzi cha dishi. Nyumba ni yangu, iko Mbezi, wayaringi ilifanywa mwaka 2009. Nina matatizo manne. Spika zinavuma muda wote, hata muziki ukiwa umesimama. Nikiigusa amplifaya kwa mgongo wa mkono nahisi kama inanitekenya. Jioni besi ikipiga taa zinafifia. Na kuanzia saa 1 usiku muziki unakosa nguvu, unakwaruza mapema. Fundi aliyewahi kupita alisema soketi ya sebuleni haina ethi, kwa hiyo natumia adapta ya pini mbili na ekstensheni ya mita 5. Mwenye duka la muziki amenishauri ninunue waya mnene wa umeme wa Sh 450,000 wa kuchomekea amplifaya, kisha nichimbie ethi ya pili nje ya dirisha kwa ajili ya muziki tu. Nifuate ushauri huo?"*

Ndugu msomaji, asante kwa kueleza dalili moja moja, maana hapo ndipo jibu lilipo. Una matatizo manne yenye vyanzo tofauti, na umeuziwa dawa moja kwa yote. Waya huo usiununue kwa sasa. Ethi ya pili usiichimbie kwa namna uliyoelekezwa, kwa sababu ina hatari zake ambazo nitazieleza. Na kabla hatujagusa habari ya utamu wa sauti: ile adapta ya pini mbili iondoe leo. Amplifaya yenye bodi ya chuma na plagi ya pini tatu imetengenezwa kwa kutegemea ethi. Siku transfoma yake ikichubuka ndani na waya wa moto kugusa bodi, ethi ndiyo inayoondoa umeme huo na kuiangusha breka. Ethi isipokuwepo, njia ya umeme kuteremka ardhini ni mwili wa atakayeigusa, na sebuleni mara nyingi huyo ni mtoto.

Tuanze na huo mtekenyo, kwa sababu ndio unaofungua mengine. Vifaa vingi vya sasa vina vichujio vya umeme mlangoni. Ndani yake kuna kapasita ndogo mbili (vipande vinavyohifadhi umeme kwa kitambo), moja kutoka waya wa moto kwenda kwenye bodi, nyingine kutoka nyutro kwenda kwenye bodi. Zimewekwa ili makelele ya umeme yateremke kwenye ethi. Ethi ikikosekana, bodi inaning'inia katikati ya zile kapasita mbili, kwa hiyo inakaa kwenye nusu ya umeme wa ukutani, kama volti 115 hivi. Mkondo unaoweza kutoka hapo ni mdogo, kwa kawaida chini ya miliampea 1, ndiyo maana unahisi kutekenywa na si kurushwa. Lakini kidole hakiwezi kutofautisha uvujaji huu wa kawaida na mwanzo wa hitilafu ya kweli ndani ya transfoma. Kwa hiyo usijizoeze kuupima kwa mkono, na usikubali mtu akwambie "huo ni wa kawaida tu". Ni wa kawaida kwa kifaa kisicho na ethi, na kifaa kisicho na ethi hakipaswi kuwa sebuleni kwako.

Sasa fuatilia mkondo huo mdogo unakwenda wapi. Amplifaya yako imeunganishwa na king'amuzi kwa zile waya za jeki nyekundu na nyeupe. King'amuzi kimeunganishwa na dishi kwa kebo ya duara yenye wavu wa nje. Dishi limefungwa kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa uani. Umeme unaovuja kwenye bodi ya amplifaya umepata njia ya kwenda ardhini: unapita kwenye wavu wa waya wa jeki, unaingia king'amuzi, unatoka kwa kebo ya dishi, unateremka na nguzo. Tatizo ni kwamba wavu wa jeki ndio huohuo unaotumika kama nusu ya njia ya muziki. Jeki iliyoota kutu au iliyolegea inaweza kuwa na ukinzani wa omu 1. Miliampea 0.3 zikipita hapo zinaacha milivolti 0.3, na amplifaya haijui kama hizo si muziki. Inazikuza pamoja na wimbo, mara 30 hivi. Uvujaji huo umejaa masafa ya juu kutoka kwenye pawa saplai za televisheni na king'amuzi, ndiyo maana sikio linaushika upesi chumba kikiwa kimya.

Hii unaweza kuithibitisha mwenyewe kwa dakika kumi bila kununua chochote. Utakaporudishiwa ethi, au kama kuna soketi nzuri chumba kingine, fanya hivi. Zima vyote, chomoa jeki zote nyuma ya amplifaya ubaki na spika tu, washa. Mvumo ukiendelea sauti ikiwa sifuri na hakuna kilichochomekwa, ugonjwa uko ndani ya amplifaya. Mara nyingi ni kapasita kubwa za pawa saplai zilizokauka, na mvumo wake huwa wa hertzi 100, umechangamka kidogo kama nyuki. Ule wa hertzi 50 ni mzito na wa chini, na huo ndio wa ethi na waya za jeki. Mvumo ukiwa umepotea, zima tena, rudisha king'amuzi peke yake, washa. Kisha televisheni. Kisha sabufa. Kila mara zima kabla ya kuchomeka, kwa sababu jeki inayoingia huku amplifaya imewaka inaweza kupasua spika ndogo za juu kwa mlio mmoja. Ukishaona kifaa kinacholeta mvumo, kizime, fungua kebo ya dishi nyuma ya king'amuzi, uwashe tena. Kwa maelezo yako, natarajia mvumo utakatika hapo.

Dawa yake, baada ya ethi kurekebishwa, inaweza kuwa rahisi mno. Kama televisheni yako ina tundu la sauti ya mwanga, lile dogo la mraba linalotoa mwanga mwekundu, na amplifaya inalo pia, waya wa mwanga unamaliza kesi, kwa sababu hauna chuma cha kupitisha mkondo. Kama amplifaya haina tundu hilo, kuna kiboksi kidogo kinachogeuza mwanga kuwa jeki, na ni cha bei ya chini sana ukilinganisha na waya uliotajiwa. Njia nyingine ni transfoma ya kutenganisha inayokaa kwenye waya za jeki, lakini zile za bei rahisi hupunguza besi ya chini kabisa, kwa hiyo ningeanza na mwanga.

Turudi kwenye waya wa Sh 450,000. Sitaki kusema waya wa umeme hauna maana yoyote. Una maana, ila tuipime. Waya wa kawaida unaokuja na amplifaya, wa mita 1.5 na unene wa milimita za mraba 0.75, una ukinzani wa omu 0.078 kwenda na kurudi. Amplifaya yako ikipiga kwa nguvu zote, ikivuta ampea 2 hivi, waya huo unapoteza volti 0.16. Badilisha uweke wa milimita 2.5, upotevu unashuka hadi volti 0.05. Umeokoa moja ya kumi ya volti katika volti 230. Linganisha na vilivyo nyuma yake: ekstensheni yako ya mita 5, kama ni ya 0.75, inapoteza nusu volti. Waya wa ukutani, tuseme mita 22 za milimita 2.5 kutoka kwenye boksi la breka, unapoteza volti 0.65. Na hapo hatujafika kwenye mita ya LUKU, waya wa kutoka nguzoni, wala laini ya mtaa hadi kwenye transfoma. Kubadilisha mita moja na nusu ya mwisho na kuiacha barabara nzima ilivyo hakuisogezi hesabu hiyo popote.

Wanaouza nyaya hizi wana hoja moja ambayo ni ya kweli, na ni haki niiseme. Amplifaya yenye transfoma haivuti umeme kwa utulivu. Dayodi zake, yaani vimilango vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, hufunguka mara 100 kwa sekunde, kila mara kwa milisekunde chache tu, zikijaza kapasita kubwa za ndani. Kwa hiyo mkondo wa kilele huwa mara kadhaa ya wastani. Sawa. Zidisha ile moja ya kumi ya volti mara tano, unapata nusu volti. Na muziki wenyewe hautoki ukutani moja kwa moja: unatoka kwenye zile kapasita, ambazo ni kama tenki juu ya paa. Anayeoga chini hajui kama bomba la kujazia tenki ni la nusu inchi au la robo tatu, mradi tenki halikauki.

Kama bado moyo unakutuma, mwombe mwenye duka akuazime waya huo kwa wiki moja. Mtu mwingine akae nyuma ya kabati, abadilishe au ajifanye anabadilisha mara 10 kwa kurusha sarafu, nawe uandike kila mara ni upi, bila kumwona. Ukipata 9 au 10 kati ya 10, masikio yako yamesikia kitu. Ukipata 5 au 6, umebahatisha. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatakataa jaribio hilo.

Waya wa umeme unaofaa ni huu: shaba halisi, nyuzi tatu za milimita za mraba 1.5, plagi ya pini tatu yenye fyuzi, na tundu la nyuma linaloshika bila kuyumba. Fyuzi iangalie kwa macho. Rangi nyekundu ni ampea 3, kahawia ni 13. Kazi ya fyuzi hiyo ni kuulinda waya, kwa hiyo waya mwembamba wa 0.75 usiuwekee fyuzi ya 13. Kwa amplifaya ya ukubwa wako, 3 inatosha kwa matumizi. Kama transfoma ni ya duara na inaikata kila unapowasha, panda hadi 5, usiruke kwenye 13.

Ukitaka waya mnene ukufanyie kazi kweli, upeleke upande wa spika. Huko volti ni chache na ukinzani wa spika ni mdogo, kwa hiyo kila omu inahesabika. Mita 8 za waya mwembamba wa 0.75 zina omu 0.42 kwenda na kurudi, na kwa spika ya omu 4 hiyo ni karibu asilimia 10 ya volti inayoishia kwenye waya. Badilisha uweke wa milimita 2.5, ukinzani unashuka hadi omu 0.13. Waya wa shaba wa nyuzi nyingi kutoka duka la vifaa vya umeme unatosha kabisa, huhitaji ulioandikwa maneno ya muziki.

Sasa taa zinazofifia besi ikipiga. Katika dalili zako zote, baada ya mtekenyo, hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Amplifaya na sabufa yako vikipiga kwa nguvu havitumii zaidi ya pasi ya umeme. Pasi ya wati 1,000 inavuta zaidi ya ampea 4, ya wati 2,000 karibu 9. Nyumba ambayo ampea 2 au 3 zinafifisha taa zake ina kiungo kilicholegea mahali fulani: nyuma ya soketi, kwenye boksi la kuungia waya darini, kwenye breka, kwenye nyutro ya mita, au juu nguzoni. Pima hivi kama una mita ya kupimia volti na unajua kuitumia. Soma volti kwenye soketi ya sebuleni ikiwa tupu. Kisha kwenye tundu la pili la soketi hiyohiyo chomeka birika la wati 2,000, soma tena. Kushuka kwa volti 4 au 5 ni sawa. Kushuka kwa volti 12 na kuendelea kuna ukinzani uliozidi kwa omu moja hivi, na omu hiyo haijatapakaa kwenye waya mzima. Kwa kawaida iko sehemu moja, kwenye skrubu moja. Ampea 8.7 zikipita kwenye omu 1 zinatoa joto la wati 75. Zikumbuke zile bulbu za zamani za wati 75, ambazo ulikuwa huwezi kuzishika zikiwa zimewaka. Sasa ifikirie moja imewaka ndani ya kiboksi cha plastiki ukutani. Ndivyo soketi zinavyobadilika rangi kuwa kahawia, zikanukia kama samaki au plastiki iliyoungua, na mwisho zikawaka.

Zingatia pia ni taa zipi zinafifia. Zikiwa za sebuleni pekee, tatizo liko kwenye waya za chumba hicho. Zikiwa za nyumba nzima, liko kwenye boksi la breka, mita au nje. Majirani nao wakilalamika, ni laini ya mtaa. Na ikitokea baadhi ya taa zikang'aa kupita kawaida na feni ikaenda mbio, usisubiri kuelewa: zima meni swichi hapo hapo na uwaite TANESCO. Hiyo ni dalili ya nyutro kukatika, na kwenye laini ya njia tatu volti inaweza kupanda kuelekea 400. Hakuna waya wa amplifaya utakaokuokoa hapo.

Ekstensheni nayo ichunguze. Nyingi za bei rahisi zina waya wa chuma au alumini uliopakwa rangi ya shaba. Sumaku ikishika nyuzi, itupe. Zile zenye matundu ya kupokea kila aina ya plagi hazishiki pini vizuri, na nyingi hazina ethi hata kama zina tundu la tatu.

Nyumba ikiwa yako na umepanga kukaa, fedha ulizotaka kuweka kwenye waya ziweke kwenye mkondo wa pekee wa sebuleni, yaani laini ya waya yenye breka yake yenyewe. Hii ndiyo kazi ninayoipendekeza kwa moyo wote. Fundi avute waya wa shaba wa milimita za mraba 4, moto, nyutro na ethi, kutoka kwenye boksi la breka hadi ukuta wa televisheni bila kiungo katikati. Milimita 2.5 inakubalika kwa umbali wako, lakini kwa kuwa gharama kubwa ni kazi ya kuchimba ukuta na si waya, ya 4 inapunguza ukinzani kwa zaidi ya theluthi na utakuwa umemaliza. Mwisho wake ziwekwe soketi mbili za matundu mawili mawili, za chapa inayoshika plagi kwa nguvu. Breka iwe ya ampea 20, aina ya C. Aina ya B huanguka mkondo ukifika mara 3 hadi 5 ya kiwango chake, C mara 5 hadi 10, na transfoma ya duara inapowashwa hufyonza mkondo mkubwa kwa kitambo kifupi sana. Vifaa vyote vinavyoongea na amplifaya, yaani televisheni, king'amuzi na sabufa, vichomekwe hapo hapo. Vikishiriki ethi moja ya karibu, ile tofauti ndogo ya volti inayozaa mvumo inapungua sana.

Ethi sasa. Kwanza fundi atafute ethi iliyopo imekatikia wapi. Nyumba ya 2009 huenda ina fimbo ya shaba nje, lakini kishikizo chake kimeliwa na kutu, au waya wa kijani na njano haukufikishwa kwenye soketi ya sebuleni. Kwa mita, soketi nzima husoma hivi: moto kwa nyutro kama 230, moto kwa ethi karibu sawa na hapo, nyutro kwa ethi volti chache tu. Moto kwa ethi ikisoma 80 au 110 na kuchezacheza, ethi hiyo haijafika ardhini. Fimbo mpya ikihitajika, iwe ya mita 1.2 au zaidi, ipigwe mahali penye unyevu. Udongo wa mchanga wa pwani hukauka kiangazi na kipimo kupanda, kwa hiyo kipimo kifanyike kwa mita ya ethi, si kwa kuwasha bulbu kati ya moto na fimbo kama baadhi wanavyofanya.

Na hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wengine hawalisemi: fimbo peke yake haikulindi. Tuseme fimbo yako ni nzuri, omu 20. Waya wa moto ukigusa bodi ya amplifaya, mkondo utakaopita ni 230 kugawanya kwa 20, yaani ampea 11.5. Breka ya 20 haitaanguka. Bodi itabaki na umeme, na wewe utadhani umelindwa kwa sababu una ethi. Kinachokuokoa ni kifaa cha RCD cha miliampea 30, kile chenye kitufe cha T, ambacho hukata umeme mara mkondo unaotoka usipolingana na unaorudi. Kiwekwe kwenye boksi la breka, na kitufe chake ukibonyeze kila baada ya miezi mitatu. Kisipokata, kibadilishwe.

Ndiyo maana ethi ya pili ya "muziki tu" naikataa. Fimbo mbili zisizounganishwa hazina volti moja. Siku za kawaida tofauti yao ni ndogo lakini inatosha kuongeza mvumo, kwa sababu king'amuzi kitakuwa kwenye ethi moja na amplifaya kwenye nyingine, na waya za jeki ndizo zitakazobeba tofauti hiyo. Siku radi ikipiga karibu, tofauti kati ya fimbo mbili zilizoachana mita 10 inaweza kufika maelfu ya volti, na itapita hapo hapo kwenye jeki. Ukipenda kuongeza fimbo, ongeza, lakini iunganishwe kwa waya mnene na ethi kuu ya nyumba iwe kitu kimoja. Nguzo ya dishi nayo iunganishwe humo.

Limebaki la muziki kukosa nguvu usiku. Pima volti saa 8 mchana, saa 2 usiku na alfajiri, kwa siku nne au tano, uandike. Tuseme usiku inashuka hadi 190. Amplifaya yenye transfoma hufuata umeme wa ukutani: volti zake za ndani zinashuka kwa uwiano huo, na wati hushuka kwa mraba wake. Wati zako 100 zinakuwa 68. Inasikitisha kwenye karatasi, lakini kwa sikio ni pungufu ya desibeli 1.7 tu, tofauti ndogo. Kinachokuudhi ni kwamba amplifaya inagonga ukomo wake mapema na kukwaruza. Kupunguza kitufe cha besi kidogo, ukaiachia sabufa kazi hiyo, kunarudisha sehemu kubwa ya ulichopoteza, bure.

Stabilaiza? Inategemea. Kama volti inakaa chini ya 207 kila usiku, yaani asilimia 10 pungufu ya 230, peleka vipimo vyako TANESCO, na itakuwa na uzito zaidi mkienda majirani kadhaa. Wakati mnasubiri, stabilaiza ya mota inayozunguka taratibu inafaa. Ile ya rilei hubadilisha kwa kuruka, na kila "tak" unayoisikia ni volti 10 au 20 zimeruka. Matumizi yako yakiwa wati 850 kwa jumla, nunua ya VA 2,000 (VA ni kipimo cha uwezo wake, kinachokaribiana na wati), maana namba za kwenye boksi mara nyingi zimetiwa chumvi, na umeme ukiwa mdogo stabilaiza yenyewe huvuta ampea zaidi. Lakini soma nyuma ya kila kifaa. Kilichoandikwa volti 100 hadi 240, kama televisheni na sabufa nyingi za sasa, hakihitaji stabilaiza kabisa. Hicho mpe gadi ya kukata umeme ukishuka au kupanda kupita kiasi na kusubiri dakika chache unaporudi, kwa sababu vifaa vingi huumia wakati umeme unarudi, si unapokatika. Inveta za bei ndogo zisizotoa wimbi laini usizitumie na amplifaya ya transfoma: itanguruma na kupata moto. Mawingu ya radi yakijikusanya, chomoa plagi na kebo ya dishi pia. Watu wengi wanaikumbuka plagi na kuisahau kebo.

Kipi ufanye mwenyewe, kipi usifanye? Kuchomoa jeki, kubadilisha fyuzi ya plagi, kukagua ekstensheni na kuweka waya wa spika ni kazi yako. Kufungua boksi la breka, kuvuta mkondo mpya, ethi na RCD ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, au EPRA kwa wasomaji wetu wa Kenya. Mwombe akuoneshe leseni, na akuandikie vipimo vya ethi na vya insulesheni ya waya baada ya kazi. Fundi mzuri haoni shida kuviandika. Kuanzia mita ya LUKU kurudi nguzoni ni mali ya TANESCO, na lakiri za mita haziguswi na mtu mwingine. Amplifaya usiifungue hata ikiwa imechomolewa: zile kapasita kubwa hushikilia umeme wa kuumiza kwa muda baada ya kuzimwa.

Usisubiri ratiba ya fundi ukiona mojawapo ya haya: soketi ina joto ukiishika, plagi imebadilika rangi, kuna harufu ya kuungua, au mtekenyo umegeuka kuwa mrusho. Zima breka ya chumba hicho na uiache imezimwa mpaka afike. Akifika, mwambie aanzie kwenye soketi ya sebuleni: aifungue, akaze skrubu zote tatu, akuoneshe waya wa ethi unaishia wapi.